Dada Ananifungia

"'Kila asubuhi dada ananifungia.' Dada gani huyo? Niambie! Una madada wangapi wewe?"

Dada mtu alikuwa amesimama katikati ya chumba, sare ya kazini bado mwilini, karatasi mkononi. Sentensi hiyo alikuwa ameshaisoma mara tatu. Mara ya kwanza aliisoma kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Mara ya pili kama hakimu. Mara ya tatu majirani walipunguza redio wasikose neno.

"Na hii hapa chini: 'Siwezi kulalamika.' Huwezi kulalamika! Nilikukaba koo?"

Mdogo mtu alikuwa nyuma ya cherehani, pini tatu mdomoni. Mtaa mzima ulimwita Pini kwa ajili hiyo. Midomo yake ndiyo ilikuwa kikopo chake cha pini. Akitaka kucheka, anazitema kwanza kiganjani. Akikasirika, zinasimama wima kama askari wa lango. Siku hiyo zilisimama.

"Dada, mimi sikusema hivyo."

"Imeandikwa."

"Kuandikwa siyo kusema."

"Basi kasema nani? Cherehani?"

Kwenye ukingo wa kitanda alikaa binti wa yule dada, miaka ishirini, kalamu sikioni, akiomba ardhi ipasuke immeze. Mama yake mdogo alimwita Msomi tangu siku alipojua kushika kalamu upande wenye wino. Yeye ndiye aliyeuleta moto ule ndani akidhani ni taa.

Mambo yalianza hivi. Chuoni kwao kulikuwa na somo la utafiti, ule wa kukaa na watu na kuwasikiliza, usio na hesabu. Mwalimu wao hakuwatuma nje kuhoji mtu. Aliwagawia mahojiano ya zamani, yaliyokusanywa miaka kumi na sita nyuma kwa watu waliohamia nchi ile kutafuta maisha. Majina yalikuwa yamefutwa. Kila mtu alibaki namba: Mhojiwa wa Kwanza, Mhojiwa wa Pili, kama wafungwa. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kusoma mstari kwa mstari, kupiga mstari chini ya neno zito, na kuandika pembeni neno hilo limebeba nini.

Msomi alipewa Mhojiwa wa Saba. Alifika ukurasa wa pili, akakuta hivi: "Mimi ni bobini. Niko chini huko, hamnioni, lakini bila mimi hamshoni."

Maneno hayo, ya kile kigurudumu cha uzi kinachojificha chini ya sindano, alikuwa ameyasikia tangu hajaota magego. Katika nchi nzima alikuwa anayasema mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, anashona kola.

"Mama mdogo," aliuliza, "hii bobini si ya kwako?"

Pini akatema pini kiganjani, akacheka mpaka kiti kikalia. "Eh! Yule binti wa kinasa sauti! Kumbe bado wananisoma?"

Kicheko hakijatua chini, Dada akanyoosha mkono. "Hebu nione."

Watu wa chuo walikuwa makini sana. Walimvua jina, wakamvua mtaa, wakamvua hata umri wake. Ulimi wakamwachia.

*

Pini aliingia nchi ile akiwa na begi moja na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye blanketi. Miguu ya cherehani ilibaki kwao, haikuingia kwenye gari. Dada yake alikuwa ametangulia miaka minne. Alifua mashuka ya hospitali, kazi ya kusimama tangu alfajiri mpaka mikono inakuwa myeupe kama ya mtu aliyekufa maji. Mume wake alikwenda kutafuta kazi mji wa mbele na barabara ikammeza. Wengine walisema haikummeza, alijipeleka mwenyewe kwenye mdomo wake. Dada akabaki na chumba kimoja na mtoto wa miaka minne. Akampokea mdogo wake bila kuuliza utakaa hadi lini. Wakatafuta miguu ya cherehani kwa mtu wa vyuma chakavu, ikapatikana inayochechemea, na Pini akaanza kazi: kushona na kulea.

Kibali hakuwa nacho. Mwaka ule wakaguzi wa vibali walipita nyumba kwa nyumba, na aliyekutwa bila karatasi alipandishwa gari siku hiyo hiyo, akarudishwa kwao. Ndipo Dada alipoanza kuweka kufuli kwa nje kila alipokwenda kazini. Mpita njia akiona kufuli, anajua hakuna mtu ndani. Wiki kumi. Cherehani ikafunikwa shuka. Mtoto akafundishwa kulia bila sauti, elimu ambayo hakuna chuo kinachoitoa. Wakaguzi walipohamia mitaa mingine, kufuli likatoka mlangoni, likatundikwa msumarini nyuma ya mlango, likapata kutu. Baadaye wakahama na kibali kikapatikana, cha kuomba upya kila mwaka. Kufuli wakahama nalo. Hakuna aliyelitaja.

Sasa limetajwa, tena kwa chapa ya kompyuta.

"Nililiweka kwa ajili ya nani?" Dada alisema, na safari hii sauti ilishuka, jambo lililotisha zaidi. "Nilikuwa nafua damu za watu huku roho iko kwenye lile kufuli. Nyumba ikiungua je? Mtoto akiumwa je? Na wewe mwenyewe uliniambia, 'Weka, dada, weka.' Leo unakwenda kumwambia mtu wa chuo, mwenye kinasa sauti, kwamba mimi nilikuwa askari jela!"

Pini aliinamia cherehani. Hakukumbuka kusema "weka". Alichokumbuka ni mlio wa kufuli, ka!, halafu viatu vya dada yake vikienda zake. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu anayetetemeka.

"Msomi anamaliza mtihani mwisho wa mwezi," Dada akasema. "Akimaliza, utafute kwako. Utafute nyumba isiyo na kufuli."

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka juu ya cherehani kama anayelipa nauli, akaenda kuoga.

*

Kununiana katika chumba kimoja na nusu ni kazi ya ufundi. Dada alikula akiutazama ukuta. Maneno yake yote yalipitia kwa Msomi kama barua zinavyopitia posta.

"Muulize mama yako mdogo kopo la chumvi liko wapi."

"Mwambie mama yako," Pini akajibu, "liko palepale lilipokuwa juzi."

"Mwambie juzi nilikuwa bado nina mdogo wangu, ndiyo maana nililiona."

Msomi akachukua kopo la chumvi, akaliweka katikati ya meza, akaondoka.

Pini alikuwa na miaka arobaini na mitano. Hakuzaa; aliyemlea ni huyo mmoja. Wateja wake walijua mlango huo, na cherehani yake ilijua sakafu hiyo, ilikuwa imechimba vishimo vinne chini ya miguu. Angeweza kupata chumba kingine, vyumba havijaisha duniani. Kilichomkosesha usingizi ni kutoka pale akiwa msaliti kwa kosa asilolijua. Maana hakuwa na uhakika. Hapo ndipo aliponaswa. Asingeweza kukana na asingeweza kukiri.

"Mama mdogo," Msomi alimwambia asubuhi moja, wako wawili, "Alhamisi nasimama mbele ya darasa kumwelezea Mhojiwa wa Saba. Niseme nini? Niseme ulifungiwa?"

"Sikumbuki nilichosema."

"Utasahauje kwamba ulifungiwa?"

"Kufungiwa sijasahau. Kusema ndiko nilikosahau." Pini akakata uzi kwa meno. "Na wewe si ulikuwepo? Ulikuwa chini ya cherehani hii hii, unaokota vipande vya nguo."

"Nilikuwa na miaka minne!"

"Basi wote wawili ni mashahidi wa bure."

Msomi alimwonyesha tena ile karatasi. Baada ya neno lile kulikuwa na mabano, na ndani ya mabano wameandika: haisikiki. "Kila asubuhi dada ananifungia [haisikiki] ndipo anakwenda kazini." Mistari miwili chini, mabano mengine: mtoto anaingilia. Ukurasa uliofuata, swali la mhoji, "Na wewe mwenyewe, hapa unajionaje?", na jibu ni mabano tu: kimya.

"Haisikiki ni nini?" Pini aliuliza.

"Aliyeandika hakusikia ulichosema. Cherehani ilipiga kelele."

Pini alilitazama neno lile muda mrefu. Miaka kumi na sita, na lililokosekana ni neno moja.

*

Alhamisi alikuwa na majoho ya mahafali ya kupeleka chuoni, kumi na manane, amebadilisha zipu zote. Aliyakabidhi kumi na mawili kwa mtunza stoo. Sita aliyaacha mkononi makusudi, maana mtu mwenye mzigo haulizwi anakwenda wapi. Akauliza darasa la utafiti, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha ukutani. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Fundi wa majoho, atakuwa anamsubiri mtu.

Msomi alikuwa mbele, chaki mkononi. Alipomwona, chaki ikaanguka.

Ubaoni palikuwa pameandikwa sentensi ile, kubwa, na mabano yake.

"Hapo kwenye 'haisikiki', jibu liko wazi," alisema kijana wa miwani. "Ni mlango. Dada ananifungia mlango."

"Mimi pembeni nimeandika 'utumwa ndani ya familia'," alisema msichana aliyekaa mbele.

"Na 'siwezi kulalamika'," akaongeza mwingine, "mimi naona amenyamazishwa. Ananong'ona. Ni sauti ya mtu anayeogopa."

"Bobini je?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mvi zimeanza kwenye paji, amekaa juu ya meza akining'iniza miguu.

"Bobini ni mwili wake," alisema kijana wa miwani, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kutia uzi kwenye sindano.

Pini nusura ameze pini. Bobini ni bobini, mwanangu! Vichwa thelathini, vingine vina miwani ya ziada, na hakuna hata kimoja kilichojiuliza: kama mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, huyo mwenye kinasa sauti aliingia wapi? Kwenye tundu la ufunguo? Jibu lilikuwa limemkaa kwenye ncha ya ulimi, tamu na kali kama tangawizi. Lakini nyuma ya jibu alikuwepo mwenye jibu, na nyuma yake dada yake, na mbele ya darasa binti wa dada yake amesimama. Akifungua mdomo tu, wote watajua mama wa nani ndiye askari jela. Mlango wa darasa ulikuwa wazi, upepo unaingia, na Pini alikaa pale na majoho sita magotini, amefungiwa kweli kweli.

"Na wewe uliyemsoma wiki nzima," Mwalimu akamgeukia Msomi, "unasemaje?"

Msomi alitazama sakafu. "Mimi bado namsikiliza, Mwalimu."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

*

"Ulikuja na koti la bluu," Pini alimwambia Mwalimu ofisini, walipobaki wawili; mvi hazikumficha yule binti wa kinasa sauti. "Bitana ya mkono imeachia. Nikakushonea hapo hapo huku unaniuliza maswali."

Mwalimu alishika mdomo. Kisha akainuka, akafunga mlango, akaona alichofanya, akaufungua tena.

"Fundi," alisema. "Mungu wangu. Fundi."

"Ndiye mimi. Namba Saba. Nimeambiwa mwili wangu ni bobini."

"Hao wanajifunza, dada yangu. Ndiyo kazi yangu, kuwaacha wakosee hapa ndani. Nikiwatuma vijana thelathini wakagonge milango ya watu wanaoishi kwa wasiwasi, nani atapumua? Ndiyo maana tunatumia yaliyokwisha kusemwa."

"Kwa hiyo mnapasha moto kiporo."

"Eh... tuseme hivyo."

"Kiporo hakina ubaya. Lakini aliyekipika huulizwa kimekaa siku ngapi." Pini akaweka majoho mezani. "Sikuja kugombana. Uliniahidi utaniletea sauti yangu niisikie. Naidai."

"Nilirudi. Mlikuwa mmehama."

"Mtaa wa tatu tu! Ungeuliza fundi anayekula pini, hata mbwa angekuonyesha."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akakubali kupigwa. Lakini kanuni ni kanuni. Sauti ilikuwa hifadhini, na haitoki kwa mdomo. Mwenye sauti lazima alete ile karatasi ya ridhaa aliyotia saini siku ya mahojiano, yenye namba. Pini alipewa nakala yake, ngumu, nyeupe. Anayo?

Pini alifikiri. Halafu akaanza kucheka, akatema pini zote mkononi.

Alirudi kesho yake nayo. Ilikuwa karatasi nzuri mno, haikunjiki, haichaniki, na fundi hatupi karatasi ya namna hiyo. Siku chache tu baada ya yule binti kuondoka, aliikata kigezo cha kola. Miaka kumi na sita kola za sare za shule za mitaa miwili zilikuwa zimekatwa kwa kigezo hicho, watoto kwa mamia wamevaa ridhaa yake shingoni. Upande mmoja yalisomeka maneno "mhojiwa anafahamu kwamba ana haki ya kup", halafu likaja pindo la shingo. Kwenye ncha ya kola, namba saba na saini yake.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kisha akampa flashi ndogo yenye sauti yake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Na ile karatasi wanayoisoma?" Pini aliuliza. "Mtaisahihisha?"

"Naweza kuambatisha maelezo. Kubadilisha maandishi yenyewe siwezi peke yangu. Yapo vyuo vingine pia. Kuna kikao."

"Kwa hiyo huko mtaendelea kunifungia."

"Mpaka kikao kikae," Mwalimu alisema, naye hakulipamba.

*

Jumapili mchana Dada alikuwa na mapumziko. Msomi alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia nguo, akachomeka flashi.

"Mimi nina nguo za kufua," alisema Dada.

"Mama, wiki nzima unafua. Kaa. Ni kazi ya darasa."

Dada alikaa, uso ukutani. Pini alikaa nyuma ya cherehani, maana hakujua kukaa pengine.

Kwanza ikasikika cherehani. Ile inayochechemea: mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Halafu sauti ya mwanamke kijana, kali, yenye haraka. Pini alishtuka, alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa na sauti nyembamba. Akasikia bobini yake. Akasikia mhoji akicheka. Kisha:

"Kila asubuhi dada ananifungia..."

Cherehani ikanguruma, ikalimeza neno. Mgongo wa Dada ukawa mgumu. Na mara, karibu kabisa na kinasa sauti, karibu mno, ikapasuka sauti ya mtoto:

"Wangu! Mama alinifungia mimi! Mkate wangu umempa mgeni!"

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni ni mgeni. Kesho nitakulipa, nitakupa wangu wote mzima."

"Mzima?"

"Mzima. Na karatasi yake."

Msomi aliganda, kidole juu ya kitufe. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ilikuwa sauti yake.

"Mkate," alisema. "Mama, ulikuwa unatufungia mkate! Kwenye gazeti, vifurushi viwili, unaacha juu ya kabati." Akakamata karatasi yake. "'Mtoto anaingilia'! Mimi ndiye niliyekuwa nasema ukweli, wakaniandika naingilia!"

Pini alipumua kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Basi hakusaliti. Alikuwa anasifu, tena mkate.

Lakini Dada hakugeuka. Sauti ilikuwa inaendelea. "Siwezi kulalamika," alisema Pini yule kijana, kwa kicheko kidogo. Na mhoji akauliza: "Na wewe mwenyewe, hapa unajionaje?"

Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa kimya. Hakikuwa kimya. Cherehani ilikuwa inakwenda. Ilikwenda, ikaenda, ikaenda.

Dada akageuka kutoka ukutani, polepole.

"Hapo hushoni," alisema.

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia mdogo wake uso kwa uso kwa siku kumi na moja. Msomi alitazama huku na huku; yeye alisikia cherehani, basi. Lakini aliyeishi na cherehani anajua. Ikiwa na kitambaa inatafuna, sauti imeshiba. Ikiwa tupu, chuma kinagonga chuma, kama mtu anayetetemeka meno.

"Sishoni," Pini alikubali.

"Kitambaa kilikuwa kimekwisha?"

"Kilikuwepo, magotini."

"Sasa ulikuwa unakanyaga nini?"

Pini alitafuta pini mdomoni, hakuzikuta. "Mguu nao unataka kwenda mahali, dada."

Sauti ikaendelea kugonga. Msomi akanyoosha kidole aizime. Mama yake akamzuia. Waliisikiliza yote. Dakika moja na zaidi, na mhoji wa watu, kwa adabu zake, hakusema neno.

"Kufuli lilikuwa limeshaondoka siku hizo," Dada alisema.

"Mlangoni liliondoka."

Dada alikunja mikono yake, ile ya mashuka, akaitia kwapani kama anayesikia baridi. "Wala hukuniambia 'weka, dada, weka'. Nilijiambia mwenyewe. Miaka yote hii nimekuwa nikikusikia ukisema, mpaka nikaamini." Akaitoa mikono kwapani. "Ungesema. Siku moja tu, ungesema, 'Dada, nimebanwa.'"

"Ningesemaje, na kila asubuhi unanifungia mkate?"

 Pini akamkumbuka yule mwanafunzi wa darasani aliyesema Mhojiwa wa Saba amenyamazishwa. Alipita njia ya matope, amekosa nyumba, amegonga mlango wa jirani. Lakini mtaa ndio huo. Hilo hakumwambia mtu. Vijana wale tayari walikuwa na uhakika wa kutosha.

Dada aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akalitoa lile kufuli msumarini. Alilipima mkononi kama asiyejua litupwe wapi. Mwisho alilichukua akalitumia kuegeshea dirisha lisijipige. Likakaa hapo.

*

Jumatatu asubuhi Pini aliamka akasikia gazeti likichakarika. Dada alikuwa na sare yake, viatu mguuni, amechelewa. Juu ya cherehani palikuwa na vifurushi viwili.

"Chumvi mpaka leo sijaiona," alisema, bila kumpitisha mtu, "lakini mikate hiyo hapo."

"Dada. Mwisho wa mwezi?"

"Mwisho wa mwezi si una kola za shule? Utahamaje na kazi za watu?" Akafika mlangoni, akashika kitasa, akakiachia. Akakishika tena. "Nifunge, nisifunge?"

"Rudishia tu."

Akarudishia, ukabaki uwazi wa mkono mmoja. Viatu vyake vikaenda zake. Pini alivisikiliza mpaka kona, kama zamani. Mguu wake ulikuwa umeshapanda juu ya kanyagio. Akauteremsha, akatafuta kitambaa kwanza.

Msomi alitoka nyuma ya pazia na begi begani, mswaki mdomoni, mbio mbio. Kipindi cha Mwalimu kilikuwa saa mbili. Alikuwa amekesha akiandika mistari kumi na miwili kuhusu neno moja, na kuhusu namna ya kusikiliza mabano. Mhojiwa wa Saba alimpa ruhusa ya mkate, akamnyima ruhusa ya mguu. "Huo ni wangu na mama yako," alimwambia. Msomi akaufuta.

Alichukua kifurushi chake. Pini akamsukumia na cha pili.

"Wa nini huu, mama mdogo? Wangu ninao."

"Chukua deni lako."

"Deni gani?"

"Niliahidi nitakulipa kesho. Kesho imefika."

Msomi alitoa mswaki mdomoni. Akakipima kifurushi kwenye kiganja, akakilinganisha na kile kingine, uso umekunjamana kama wa mtoto wa miaka minne.

"Huu mdogo," alisema. "Miaka kumi na sita, hauna hata nyongeza?"

"Nyongeza kamdai mwalimu wako. Ndiye aliyeula."

Msomi akatia vyote viwili kwenye begi, akavuta zipu. "Basi mwambie huyo mdeni wangu wa nyuma ya cherehani nimemsamehe nyongeza," alisema, na akatoka, mlango akauacha kama alivyoukuta.